DAWA MPYA ZA KULEVYA: JINA HUBADILIKA, HUKUMU HAIBADILIKI

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, siku moja baada ya darsa ya Magharibi mama mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wanatoka. Alikuwa na jambo zito. Katika begi la mwanawe, kijana wa sekondari, alikuta pakiti ndogo inayong'aa yenye picha na maandishi ya kigeni, na ndani yake majani makavu yaliyosagika. Alipomuuliza, kijana alijibu kuwa huo ni udi, kapewa na rafiki aliyerudi kutoka safari. Na kweli, pakiti ilikuwa imeandikwa kuwa ni ya kufukizia na si ya kuliwa.

Mama hakuridhika. Kijana alikuwa amebadilika. Swala ya Alfajiri ilikuwa imemshinda, mchana kutwa amelala, na kuna jioni alikutwa amesimama uani kimya, anaitwa haitiki. Basi mama akaenda duka la dawa, akanunua kile kipimo cha mkojo cha vikaratasi, akamtaka kijana apime. Mistari ikatokea yote. Maana yake hakukutwa na bangi, wala heroini, wala kokeini.

"Ustadh," aliniambia, "kipimo kimesema hana kitu. Je, nimemdhulumu mwanangu kwa kumdhania vibaya?"

Nilimuuliza pakiti iko wapi. Akasema alikwishaimwaga chooni kwa hasira.

Swali la mama yule ndilo lililonifanya niandike makala hii. Ndani yake mna maswali mawili ambayo Waislamu wengi wa mijini tunayachanganya. La kwanza ni la fiqh: kitu kipya ambacho hakikutajwa kwa jina lake, hukumu yake ni ipi? La pili ni la elimu ya maabara: tutajuaje kitu hicho ni nini? La kwanza Uislamu umekwisha kulijibu. La pili linahitaji kazi, na kazi hiyo tumeiachia wengine.

UDI USIOKUWA UDI

Hebu tuanze na kisa cha hiyo pakiti. Katika miaka ya 1990 mwanakemia wa Marekani, Profesa John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, alikuwa akitafiti jinsi kiambato cha bangi kinavyofanya kazi katika ubongo. Kwa ajili ya utafiti huo, yeye na wanafunzi wake walitengeneza mamia ya molekuli ambazo hazipatikani katika mmea wowote, lakini zinashika mahali pale pale kwenye ubongo panaposhikwa na bangi. Moja ilipewa jina JWH-018, yaani herufi za jina lake na namba. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitaalamu, kama ilivyo desturi ya wanasayansi.

Waliosoma majarida yale hawakuwa wanasayansi peke yao. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, maduka ya Ulaya yalikuwa yanauza vipakiti vilivyoitwa "Spice", vilivyoandikwa kuwa ni majani ya kufukizia. Vijana waliyavuta, wakalewa. Polisi waliyapima, hawakukuta bangi. Wenye maduka wakasema ni mitishamba tu.

Desemba 2008 maabara ya kampuni moja ya Frankfurt, Ujerumani, ilitangaza kuwa imekuta JWH-018 ndani ya majani yale. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Freiburg nao walithibitisha kuwa mitishamba ilikuwa ni ya kubebea tu. Dawa ilitengenezwa kiwandani, ikayeyushwa, ikanyunyiziwa juu ya majani makavu. Januari 2009 serikali ya Ujerumani ikaipiga marufuku. Na hapo ndipo lilipo fundisho kubwa. Wiki chache tu baada ya marufuku, vipakiti vya aina ile ile vilikutwa na molekuli nyingine, JWH-073, ambayo haikuwamo katika orodha ya serikali. Tofauti yake na ile ya kwanza ni atomu moja ya kaboni na haidrojeni zake katika mkia wa molekuli. Mvutaji haoni tofauti. Mbele ya sheria ya wakati ule, hicho kilikuwa kitu kingine kabisa.

Mchezo huo haujakoma. Shirika la Umoja wa Ulaya linalofuatilia dawa za kulevya, lenye makao yake Lisbon, Ureno, hadi mwisho wa mwaka 2023 lilikuwa linafuatilia zaidi ya dawa mpya 950. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, iliyoko Vienna, imekwisha kupokea taarifa za zaidi ya 1,200 kutoka duniani kote. Orodha ya heroini, kokeini na bangi tuliyoizoea imekuwa kama ukurasa wa kwanza wa kitabu kinene.

KWA NINI KIPIMO KILISEMA HANA KITU

Vipimo vya mkojo vinavyouzwa madukani hufanya kazi kwa kingamwili. Kila kingamwili ni mfano wa kufuli, nayo hufunguliwa na ufunguo wa umbo maalumu. Kufuli la bangi limetengenezwa kwa ajili ya mabaki ya THC, ambayo ndiyo hulevya katika bangi. Kufuli la heroini limetengenezwa kwa ajili ya mofini. Molekuli za "Spice" zinalevya kama bangi, lakini umbo lake si la THC, kwa hiyo hazigusi kufuli lile. Mistari hutokea yote, na mzazi hupumua.

Kwa hiyo kipimo cha mama yule hakikusema uongo. Kiliulizwa kama kuna bangi, kikajibu hapana. Kiliulizwa kama kuna heroini, kikajibu hapana. Hakikuulizwa, na hakina uwezo wa kujibu, kama kuna kitu kingine. Ni vyema ikaeleweka kwamba "hakukutwa na bangi" na "hakutumia kilevi" ni kauli mbili tofauti.

Njia ya pili ni dawa za kubadili rangi, ambazo askari na wakaguzi hutumia. Tone la kimiminika hudondoshwa juu ya unga unaoshukiwa. Kipimo kiitwacho Marquis, kwa mfano, hugeuka zambarau kikikutana na mofini au heroini, na rangi ya chungwa hadi kahawia kikikutana na amfetamini. Ni njia rahisi na ya haraka, lakini inaonesha ukoo wa kitu tu. Vitu vingi vipya ama havitoi rangi, ama vinatoa rangi inayopotosha.

Kinachobaki ni maabara yenyewe. Humo sampuli hupitishwa kwanza katika mashine ya kromatografia, ambayo hutenganisha mchanganyiko, kila kitu kikatoka kwa wakati wake. Kisha huingia katika spektrometa ya masi, ambayo huivunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Vipande hivyo ni mfano wa alama za vidole. Kompyuta hulinganisha alama hizo na maktaba ya alama zilizokwisha kujulikana, na jina hupatikana.

Lakini hebu tujiulize: ikiwa kitu kilitengenezwa miezi mitatu iliyopita, alama zake zitakuwa katika maktaba gani? Askari mwenye alama za vidole bila ya faili la kulinganisha hana mtuhumiwa. Hapo ndipo mkemia hulazimika kutumia mashine zenye uwezo mkubwa zaidi, kukisia umbo la molekuli kutokana na uzito wake, na kisha kutafuta kielelezo safi cha kitu hicho ili kuthibitisha. Tena kuna molekuli zenye uzito ule ule na vipande vile vile, zinazotofautiana kwa mahali ilipokaa atomu moja tu ya florini. Kuzitofautisha ni kazi inayotaka mashine ghali na mtu aliyesoma.

Na ikishaingia mwilini, shida huongezeka. Ini huivunja haraka, na nyingi kati ya hizo ni kali kiasi kwamba kinachotumika ni kidogo mno. Julai 2016, mtaani Brooklyn, New York, watu 33 walikutwa kwa siku moja wakiwa wamepumbaa, wengine wakitembea kama maiti, baada ya kuvuta majani yenye jina la kibiashara. Wataalamu waliopima damu na mikojo ya wagonjwa hawakukuta dawa yenyewe, walikuta mabaki yake baada ya kuvunjwa na mwili. Ni pale walipoyapima majani yaliyovutwa ndipo walipoiona dawa iitwayo AMB-FUBINACA, iliyokadiriwa kuwa na nguvu mara 85 ya THC. Bila ya yale majani, kitendawili kingechelewa kuteguliwa. Na pakiti ya mama yule ilimwagwa chooni.

MTUME (S.A.W.) ALITOA KIPIMO, HAKUTOA ORODHA

Sasa tuje katika dini yetu. Utawasikia vijana wakisema: "Hii haikutajwa katika Qur'an. Hii si pombe. Hii haimo hata katika sheria ya nchi." Hoja hii si mpya, na majibu yake si mapya.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vinywaji viwili vya huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Mtume (S.A.W.) angeweza kujibu kwa kimoja kimoja. Badala yake alitoa kanuni moja inayoharamisha kila chenye kulevya. Tazama hekima hiyo. Lau angetoa orodha ya vinywaji vya zama zake, leo tungekuwa tunabishana. Alitoa kipimo, na kipimo hicho kinatumika katika kitu kilichobuniwa jana usiku.

Sayyidna Umar (R.A.) naye alipanda mimbari akawaeleza watu kuwa khamr ya wakati ule ilitokana na vitu vitano: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Kisha hakuishia hapo, akabainisha kuwa khamr ni kile kinachoifunika akili. Wanazuoni wa usul wanaita jambo hili illa, yaani sababu ambayo hukumu imefungamana nayo. Hukumu inazunguka pamoja na illa yake. Ikiwepo, hukumu ipo, hata jina libadilike mara elfu. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha kuwa watakuja watu watakaokunywa khamr huku wakiipa jina jingine. Ndugu msomaji, pakiti ya ulevi inayoitwa "udi" ni nini kama si hiyo?

Historia inatupa ushahidi. Hashishi ilipoenea katika miji ya Waislamu, karne ya saba Hijria, wapo waliosema haikutajwa, wala si kinywaji. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria) aliwajibu kuwa inaingia katika kila chenye kulevya. Baada yake Imam Zarkashi (aliyefariki 794 Hijria) aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi. Hawakuhitaji kusubiri jina literemshwe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hata serikali za kidunia, baada ya kuchoka kufukuza majina, zimelazimika kuelekea upande huo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2016 inayozuia kuuza kitu chochote kinachoathiri akili, bila ya kujali jina lake. Lakini ilipofika hapo ikakuta kanuni yake inaikamata pombe, ikalazimika kuitoa pombe kwa kifungu maalumu. Uislamu haukuhitaji kifungu hicho.

Pamoja na hayo, tuwe waadilifu. Kanuni peke yake haitoshi. Kadhi au hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa dhana. Lazima ithibitike kuwa kilichokamatwa kinalevya, na hilo halithibitiki ila kwa kupimwa. Kanuni bila ya maabara ni upanga bila ya mkono.

UVUMI WA MIFUPA

Nchini Sierra Leone, ambako Waislamu ndio wengi, vijana waliangamizwa na kitu kinachoitwa "kush". Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari kwa sababu yake. Kwa muda mrefu ilivuma kwamba kush inachanganywa na mifupa ya binadamu iliyosagwa, hadi makaburi ya Freetown yakawekewa ulinzi.

Februari 2025 ilitolewa ripoti ya watafiti wa Global Initiative Against Transnational Organized Crime na taasisi ya Clingendael ya Uholanzi, ambao walizipima sampuli za kush. Walichokuta ni kanabinoidi za kutengenezwa, za ukoo ule wa "Spice", na katika sampuli nyingi wakakuta nitazini. Hizi ni dawa za ukoo wa afyuni zilizobuniwa miaka ya 1950 na kampuni ya CIBA ya Uswisi kama dawa za maumivu. Hazikuwahi kuruhusiwa kutumika hospitalini kwa ukali wake. Baadhi yake zinaipita hata fentanili, na vikaratasi vya kupimia fentanili havizioni.

Angalia gharama ya uvumi. Wakati watu wanalinda makaburi, sumu yenyewe ilikuwa inaingia na kuuzwa. Kama ingejulikana mapema kuwa mna nitazini, madaktari wangejua kwamba kijana aliyezimia na kuacha kupumua anaweza kusaidiwa kwa naloksoni, dawa inayozuia athari ya afyuni. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua. Maabara ni moja ya njia za kutekeleza amri hiyo.

Na hata jina linapobaki, usiliamini. Vidonge vya Captagon, vinavyokamatwa kwa mamilioni katika nchi za Ghuba, asili yake ni dawa ya Kijerumani ya mwaka 1961 iliyokuwa na kiambato kiitwacho fenetilini. Kiambato hicho kiliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1986. Vidonge vya magendo vimebaki na jina na alama ile ile, lakini ndani yake kwa kawaida mna amfetamini, pamoja na kafeini na vinginevyo. Ulipoanguka utawala wa Bashar al-Assad huko Syria, Desemba 2024, viwanda vya vidonge hivyo vilionekana hadharani.

Asiseme mtu kuwa haya ni ya mbali. Mayotte, kisiwa cha ndugu zetu Wangazija, Waislamu wenzetu na jirani zetu katika bahari hii, kimekumbwa zaidi ya miaka kumi sasa na kile wanachokiita "chimique", yaani tumbaku iliyonyunyiziwa kanabinoidi za kutengenezwa. Majahazi, ndege na vifurushi vya posta haviulizi mipaka.

TUFANYE NINI

Kwanza, wazazi. Usikifanye kikaratasi cha mkojo kuwa kadhi wa mwisho. Tazama hali ya mtoto: usingizi, swala, masomo, marafiki, fedha. Na ukikuta pakiti usiyoijua na mgonjwa yuko taabani, usiimwage. Ipeleke hospitali pamoja na mgonjwa, mweleze daktari ukweli wote bila ya kuona haya. Aibu imeua vijana wengi ambao daktari angeweza kuwaokoa.

Pili, vijana wenyewe wajue jambo moja. Anayenunua pakiti hizi hajui anachonunua, na hata anayemuuzia hajui. Dawa hunyunyiziwa bila ya mizani, kona moja ya pakiti ikawa hafifu na nyingine ikaua. Mwaka 2018 katika jimbo la Illinois, Marekani, watu zaidi ya 150 waliovuta majani haya walianza kutokwa damu bila ya kukatika, na baadhi yao walikufa. Ilipopimwa, ilikutwa imechanganywa na sumu ya panya.

Tatu, misikiti na madrasa. Tuache kufundisha uharamu wa ulevi kwa orodha ya majina. Kijana aliyekaririshwa kuwa pombe, bangi na unga ni haramu, anapoletewa kitu cha nne hudhani amepata mlango. Mfundishe illa. Mfundishe kuwa akili ni moja ya mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, na aipime kila pakiti kwa kipimo hicho.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu, tunahitaji wakemia. Mahakama zetu hutegemea taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, haiwezi kupambana na kitu isichokijua. Wanazuoni wetu wanasema kuwa elimu ambayo jamii haiwezi kusimama bila yake ni fardhi kifaya, wasipotokea wa kuibeba wote tunapata dhambi. Ni wangapi katika shule zetu za Kiislamu wanaokimbia kemia kwa sababu hakuna maabara? Tunachangia mazulia na minara kwa ukarimu. Tuchangie na meza za maabara.

Tano, aliyekwisha kunasa ni mgonjwa wa kutibiwa. Tusimtangaze, tusimfukuze msikitini. Mlango wa toba uko wazi, na mlango wa hospitali uwe wazi pia.

Ama yule mama, nilimjibu hivi. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatukataza dhana mbaya na kupekuana, kwa hiyo kama alimtukana mwanawe na kumvunjia heshima kabla ya kujua, amuombe radhi. Lakini kumjali mtoto baada ya kuona dalili si dhana mbaya, ni amana. Nikamwambia: "Mama yangu, kipimo kimekujibu ulichokiuliza. Sasa kaa na mwanao, umuulize yeye, kwa upole, kile ambacho kipimo hakiwezi kukijibu."

Wiki iliyofuata alinipigia simu akiniuliza daktari wa kumuona. Yaliyofuata ni amana yao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuhifadhie akili za watoto wetu. Wabillahi tawfiq.